Maili Moja ya Lulu: Safari ya Farasi Mchanga Kwenda Nanenane ya Mbeya

Kutoka Iringa mjini hadi Uyole, mlangoni mwa jiji la Mbeya, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300 katika barabara kuu iendayo Zambia. Basi huumaliza kwa saa tano au sita. Sisi tuliutengea mchana mzima, tangu baada ya sala ya Alfajiri, kwa kuwa abiria wetu alikuwa farasi jike wa miaka minne ambaye hajapata kuona gari la moshi, hajapata kusikia kipaza sauti, wala hajapata kukutana na umati wa watu unaozidi wale wanaohudhuria maziko ya mtaani kwetu.

Jina lake Lulu. Alizaliwa Mufindi, katika vilima vya chai na misonobari, mahali ambapo baridi imeufukuza mbung'o, na kwa sababu hiyo farasi huweza kuishi. Msomaji wa pwani huenda akashangaa kusikia kuwa Iringa kuna farasi. Wapo, ingawa ni wachache, na wageni wanaofika Mufindi hupandishwa kuzungushwa kati ya mashamba ya chai. Baba yetu mzee, ambaye watoto wote nyumbani humwita Babu, alimnunua Lulu kwa thamani ya ng'ombe watatu wa maziwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa kesi. Ng'ombe watatu wangetoa maziwa. Farasi anatoa nini?

Jibu alikuwa nalo mpwa wetu, kijana wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani miaka miwili bila shughuli ya kueleweka. Yeye ndiye saisi wa Lulu, yaani mtunzaji wake: humsugua manyoya, humsafisha kwato, humlisha nyasi kavu na pumba, na hulala karibu na banda akisikia fisi. Alitaka siku za Idd awe anapandisha watoto kwa malipo kidogo, na baadaye wageni wanaokuja kutazama Iringa. Biashara hiyo inahitaji kitu kimoja ambacho fedha hainunui, nacho ni farasi anayetulia kati ya watoto wanaopiga kelele. Babu alikwisha kusema neno lake mbele yetu sote: mnyama asiyeweza kusimama penye watu atauzwa kabla ya masika, kwa sababu hakuna mzazi wa Kiislamu atakayemkabidhi mwanawe kwenye mgongo wa mnyama asiyeaminika, na sisi wenyewe hatutamwomba afanye hivyo.

Pa kumjaribia palikuwa Nanenane. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, wakulima na wafugaji wa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini hukusanyika katika viwanja vya John Mwakangale, Uyole. Mwaka 2022 na 2023 sherehe zenyewe za kitaifa zilifanyika hapo. Mfugaji mmoja tunayefahamiana naye, mwenye ng'ombe wa kuonyesha, alikubali Lulu afungwe ubavuni mwa banda lake. Mpwa wetu akaanza kuota tarehe 8, siku ya kilele, wakati mifugo inapopitishwa mbele ya wageni rasmi na watu wamejaa hadi kwenye miti. Babu akasema tutakwenda tarehe 2 na kurudi tarehe 5.

Kijana alinuna. Kusafiri njia yote ile kisha kuondoka kabla ya siku yenyewe! Nasi, kusema kweli, tulikuwa tumegawanyika, maana gharama ya lori ilikuwa ile ile.

Hapo Babu akatusimulia jambo alilolipata darsani zamani, nalo limo katika Sahihi ya Imam Bukhari na ya Imam Muslim, kwa mapokezi ya Abdullah bin Umar (r.a.). Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) aliwashindanisha farasi Madina, lakini hakuwashindanisha wote kwa pamoja. Wale waliokwisha kuandaliwa aliwaanzishia Al-Hafya na kuwamalizia Thaniyyatul-Wada'i, umbali ambao Sufyan, mmoja wa wapokezi, aliukadiria kuwa maili tano au sita. Wale ambao hawakuandaliwa akawaanzishia hapo Thaniyya na mwisho wao ukawa msikiti wa Bani Zurayq, maili moja tu. Wanazuoni wanaeleza kuandaliwa kwenyewe: farasi hulishwa vizuri hadi akanenepa na kupata nguvu, kisha chakula hupunguzwa, akawekwa ndani na kufunikwa nguo ili atoke jasho, nyama zikakauka na pumzi ikawa ndefu. Ni kazi ya siku nyingi. Farasi ambaye hajapitia hayo hakutukanwa wala hakuachwa nyumbani. Alipewa uwanja wake, wenye urefu wake.

Kuna kipande cha habari hiyo ambacho Babu hukipenda zaidi. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana, na katika riwaya ya Imam Muslim anaeleza kwamba alifika wa kwanza, farasi akaruka naye hadi msikitini. "Maili moja tu," Babu akamwambia mjukuu wake, "na bado farasi alipitiliza mwisho. Je, angepewa sita?"

Kijana hakujibu, ila siku ile ile alianza kumfundisha Lulu kupanda lori.

Kazi hiyo peke yake ilichukua siku tisa. Lori liliegeshwa kwenye tuta ili sakafu yake ilingane na ardhi, likamwagwa mchanga na nyasi kavu lisiteleze, na kila asubuhi Lulu aliletwa hadi mlangoni, akapewa konzi ya pumba, akarudishwa. Siku ya nne aliweka kwato moja ndani. Siku ya saba aliingia mzima, akasikia mlio wa mbao chini yake, akatoka kinyumenyume kwa kishindo kilichomwangusha kuku wa jirani kwenye ukuta. Siku ya tisa aliingia na kula. Hakupigwa hata mara moja. Mtume (s.a.w.) alikataza mnyama asipigwe usoni, na alipomwona ngamia anayelia kwa njaa na kazi nyingi alimkemea mwenye mali, mambo haya watoto wetu huyasoma madrasa, lakini ni tofauti kabisa kuyasoma na kuyaona mlangoni mwa lori, wakati umechelewa na mnyama anakataa.

Tuliondoka Iringa kungali na ukungu kwenye bonde la Ruaha Ndogo. Wanaume wawili walikaa nyuma na Lulu, wengine mbele kwa zamu, na mama wa kijana, dada yetu, alitangulia kwa basi na chakula. Tulikuwa na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo, na madumu ya maji ya nyumbani, kwani farasi huweza kukataa maji yenye harufu ngeni hata kama ana kiu, na mnyama wa kimo chake hunywa lita 30 au 40 kwa siku. Asipokunywa, tumbo humsokota, na kwa kuwa maumbile ya farasi hayamruhusu kutapika, msokoto wa tumbo huweza kumuua.

Hadi Mafinga hakuna la kusimulia isipokuwa baridi na misitu ya Sao Hill inayokwenda hadi macho yakachoka. Baada ya hapo nchi inafunguka. Makambako ni njia panda ya upepo: malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya Njombe na Songea, reli ya TAZARA. Tulisimama hapo kusali Adhuhuri na Alasiri kwa kuzikusanya na kuzipunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Wawili walisali, wawili wakabaki na hatamu, kisha wakapokezana. Watoto waliokuwa wakitoka shule walitukusanyikia na mmoja akapaza sauti, "Jamani, punda mkubwa!" Lulu aligeuza masikio kuelekea kule. Treni ya mizigo ilipopiga honi alitetemeka mwili mzima, lakini miguu haikuondoka mahali pake. Mpwa wetu alikuwa amemwekea kiganja shingoni, chini ya singa, akimsomea kitu ambacho hatukukisikia.

Kutoka Makambako barabara inateremka kuelekea Igawa na nchi ya Usangu, na hapo ndipo tulipokuwa na haraka. Upande wa kushoto milima ya Kipengere imesimama kama ukuta. Upande wa kulia ni tambarare ya mpunga na malisho, yenye joto, inayonyweshwa na mito ya Mbarali, Kimani na Chimala ambayo maji yake huenda kuwa Ruaha Mkuu. Ni nchi nzuri kwa mchele, na punda wa wafugaji wanaonekana huko wakibeba madumu. Kwa farasi wa milimani si mahali pa kulala. Maradhi ya farasi yanayojulikana kote Afrika huenezwa na visubi wadogo wanaouma kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza, nao hupenda mabonde yenye joto na maji. Kiangazi cha Agosti hatari hupungua, lakini hatukutaka kuipima. Babu alikuwa ameagiza tuwe tumepita Igurusi kabla ya Magharibi.

Pale Chimala dereva wetu alituonyesha njia inayopanda kuelekea Matamba na Kitulo kwa kona 57. Juu kule ni hifadhi ya maua na shamba la ng'ombe wa maziwa, na usiku wa Juni huganda umande. Tulitamani kumpandisha Lulu huko akapate hewa ya kwao. Tulipita. Jua lilikuwa likishuka nyuma ya mlima Loleza tulipofika Uyole, na farasi wetu alikuwa amekunywa madumu mawili na kula nusu ya nyasi zake. Alhamdulillah.

Tunapenda kusema neno kuhusu farasi na watu wetu kabla ya kuingia uwanjani, kwa sababu Mbeya watu wengi walituuliza kama huyu ni mnyama wa Wazungu. Si kweli. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Zanzibar na baadaye kuitwa Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1886 jinsi watoto wa Sultani walivyofundishwa kupanda wakiwa wadogo katika kasri la Mtoni. Baba yake, Seyyid Said, alipotuma jahazi lake Sultana hadi New York mwaka 1840, chini ya Ahmad bin Na'aman, miongoni mwa zawadi kwa Rais wa Marekani walikuwemo farasi wawili wa Kiarabu. Fikirini mnyama aliyevuka bahari mbili katika tumbo la jahazi, nasi tulikuwa tukihangaika na mlima wa Inyala! Hata maneno tunayo tangu zamani: telki ni mwendo wa haraka wa kutembea, matiti ni ule wa kudunda miguu, shoti ni mbio zenyewe. Lugha haiweki maneno ya kitu isichokijua.

Viwanja vya John Mwakangale asubuhi ya tarehe 3 vilikuwa bado vinapangwa. Halmashauri zilikuwa zikimwagilia vipando vyao vya mahindi na kabichi. Kulikuwa na viazi vya Mbeya vijijini, parachichi za Rungwe, mchele wa Kyela, kahawa ya Mbozi, matrekta yenye rangi mpya, na kila baada ya hatua ishirini kipaza sauti kinachogombana na mwenzake. Muziki ni mwingi, na familia inayokwenda pale na mabinti zake ijipange kwenda mapema asubuhi, wakati bado mtu anaweza kumsikia mtaalamu akieleza mbegu. Upande wa mifugo una utulivu zaidi. Ng'ombe wa maziwa weusi na weupe walikuwa wakioshwa, mbuzi wakilalamika, na Lulu akawa amesimama kati yao, masikio juu, pua zimefunguka, akivuta harufu ya dunia nzima.

Kilichomshinda hakikuwa ng'ombe, wala trekta, wala muziki. Kilikuwa turubai la bluu. Lilikuwa limefungwa kona tatu, ya nne ikipigwa na upepo, na kila lilipopiga Lulu alirudi nyuma akivuta kamba hadi mpwa wetu akachubuka viganja. Watu wakaanza kujaa. Kijana mmoja wa makamo, kwa nia njema, alimjia kutoka nyuma ili amsukume mbele. Hatukuwa na muda wa kumweleza. Dada yetu alimshika mkono akamvuta. Farasi ana macho ubavuni mwa kichwa na huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya pua yake na nyuma ya mkia. Anayemjia kutoka nyuma kwake ni kitu kilichotokea ghafla gizani. Teke lilipita hewani, mahali ambapo yule mtu angekuwepo.

Mpwa wetu aligeuka mweupe midomo. Alimtoa Lulu hadi nyuma ya mabanda, mahali penye nyasi fupi na pasipo mtu, na kwa muda wa saa nzima hakumtaka amwendee mtu yeyote. Alimtembeza kwa telki, duara kubwa, kisha duara dogo, kila duara likisogea kidogo upande wa lile turubai. Lulu akisimama, naye anasimama. Lulu akitazama, anamwacha atazame. Adhana ya Adhuhuri ilisikika kwenye simu ya mtu. Tuliomtangulia kusali tulirudi tukamkuta bado anazunguka, tukampokea hatamu, akaenda kutawadha kwenye bomba la ng'ombe. Aliporudi alikuwa ametulia kuliko farasi.

Alasiri Lulu alisimama hatua nne kutoka kwenye turubai na akashusha kichwa kula.

Asubuhi ya tarehe 4, kabla ya saa mbili, uwanja wa kupitishia mifugo ukiwa na mafundi wanaofunga bendera tu na wachungaji wachache, tulipata ruhusa ya kumwingiza. Mpwa wetu alimzungusha mara moja kwa telki na nusu mzunguko kwa matiti. Akampanda, akazunguka tena. Penye bendera Lulu alikwenda upandeupande kama kaa, na mafundi wakacheka, lakini hakurudi nyuma. Jumla yake tuliihesabu baadaye kwa hatua: haikufika hata hiyo maili moja. Alipotoka, binti wa mfugaji mwenyeji wetu, mwenye miaka kama sita na mtandio wa njano, alikuwa amesimama na baba yake, akaomba kumgusa. Kijana alimwonyesha aje kutoka ubavuni, aongee kwanza, afungue kiganja. Lulu alimpumulia mkononi, akaulamba chumvi. Mtoto hakupandishwa. Aliomba, na mpwa wetu mwenyewe, bila ya sisi kusema neno, akamwambia bado.

Jioni ile akaja mtu wa Mbalizi mwenye nyumba ya wageni, akamtazama Lulu meno na miguu, akataja bei ambayo ingerudisha ng'ombe watatu na wa nne juu yake. Hili halikuwa jambo dogo. Tulimpigia Babu simu Iringa, na simu ikawekwa wazi ili kijana asikie. Babu aliuliza farasi alifanya nini. Tukamweleza turubai, teke, duara, na kiganja cha mtoto. Akauliza tena kuhusu teke: je, kijana alikasirika na mnyama au aliogopa kwa ajili ya yule mtu? Dada yetu akajibu kwamba aliogopa. Kimya kikawa kirefu hadi tukadhani mtandao umekatika. Kisha akasema tumwambie yule bwana tunashukuru, na kwamba jibu la masika litatolewa masika.

Tulipakia alfajiri ya tarehe 5, wakati mabasi ya wageni wa kilele yalikuwa yakianza kuingia Uyole kutoka pande zote. Lulu aliingia lorini kwa mara ya kwanza bila ya pumba. Idd ijayo, insha'Allah, atakuwepo kwenye kiwanja kidogo karibu na madrasa yetu, asubuhi baada ya sala, kabla ya spika kufungwa, kwa watoto wawili tu na baba zao wakiwa ubavuni. Mpwa wetu ameanza kutafuta turubai la bluu. Anataka kulifunga nyumbani, kona tatu.